Intaneti haiendi na waya umechomekwa: kuisaka difoti ilopotea kwenye Linux na ndugu zake

Khabari zenu wakuu. Nnaandika nikiwa Chake, Pemba, mvua inapiga na umeme ushakwenda na kurudi mara mbili toka asubuhi, na kila ukirudi simu yangu nayo inaanza, mara wa skuli, mara wa duka la fotokopi, mara wa nyumba ya wageni, wote neno lao moja, "intaneti imekufa". Rauta taa za kijani, waya umechomekwa, bando lipo, lakini hakifunguki kitu. Na mara nyingi ukienda kuangalia intaneti haijafa ati, iko nzima kabisa, ila mashine haijui itokee wapi. Njia yake ya difoti ama haipo, ama ziko mbili zinagombana, ama inaelekea kwa mtu alokwishahama.

Kuirudisha hiyo njia ni kazi ya sekunde tano, komandi moja tu. Kazi khasa ni kumjua nani kaiandika vibaya, maana usipomjua utaisahihisha mchana na yeye ataiandika tena usiku umelala, na asubuhi simu inalia tena. Kwa hivo hapa chini kila dalili ntakayoitaja mie nauliza suali lile lile: hii njia kaiweka nani?

Kwa asojua difoti ni kitu gani: chukulia uko Chake. Ukitaka kwenda Wete au Konde unapanda gari, bandari haikuhusu. Lakini ukitaka kutoka kisiwani, iwe Unguja, iwe Tanga, iwe Maskati, kwanza ushuke Mkoani ukapande boti, huko mbele watajuana wenyewe. Difoti ndo Mkoani ya mashine yako, na getiwei, yaani ile rauta ya kutokea, ndo boti yenyewe. Pakiti, yaani kifurushi cha data kinachosafiri, ambayo anwani yake haimo kwenye njia nyengine yoyote inapelekwa huko. Kwenye jedwali la njia utaona neno default, kwenye komandi za zamani utaona 0.0.0.0, ni kitu kimoja. Keneli, yaani kiini cha mfumo wa mashine, huchagua njia inayotaja anwani kwa ukaribu zaidi kwanza, difoti ndo pana kuliko zote kwa hivo ya mwisho kuulizwa. Likamate hilo, litatufaa tukifika kwenye VPN, ile njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti.

Kabla hujagusa kitu hakikisha kwanza kesi ni ya hapa. Piga pingi (komandi ya ping, inaiita mashine ya mbali uone kama inaitika) 1.1.1.1 au 8.8.8.8, namba tupu. Ikijibu na majina ya tovuti hayafunguki, difoti yako haina kosa, tatizo lako ni DNS, yule anaegeuza majina ya tovuti kuwa namba, nenda huko uache njia za watu. Nshaona mtu kavunja mtandao mzima wa ofisi kwa kuhangaika na njia na shida ilikuwa mstari mmoja kwenye /etc/resolv.conf.

Ikiwa namba nazo hazijibu, chapa hizi tatu na usome usikimbie:

ip route
ip route get 1.1.1.1
ip neigh

Ya kwanza inakuonesha jedwali. Mashine yenye afya inatoa kitu kama hiki:

default via 192.168.1.1 dev eth0 proto dhcp src 192.168.1.37 metric 100
192.168.1.0/24 dev eth0 proto kernel scope link src 192.168.1.37 metric 100

Watu wanatizama via wanaridhika. Mie jicho langu linakwenda kwenye proto kwanza, maana hapo ndo pameandikwa jina la mwandishi. Ikiwa dhcp, ule utaratibu wa kugawa anwani, njia imetoka kwa rauta, au kwa anaejifanya rauta. Ikiwa static, kuna faili au wasifu wa NetworkManager (programu inayosimamia mitandao ya mashine) mtu kauandika kwa mkono wake. Ikiwa kernel, hiyo imejiweka yenyewe ulipoipa kadi anwani. Ikiwa ra, imekuja kwa IPv6, zile anwani ndefu za kizazi kipya. Na ikiwa hakuna neno proto kabisa kwenye mstari wa default, mara nyingi kuna mtu aliichapa kwa mkono kwa ip route add, au skripti ya zamani imefanya hivo, na hiyo mashine ikizimwa na kuwashwa hutaiona tena, utaambiwa "jana ilikuwa inafanya kazi".

Ya pili, ip route get, ndo naipenda kuliko zote. Jedwali linakwambia mambo yalivyoandikwa, hii inaiuliza keneli yenyewe: pakiti ya kwenda pale ungeipitishia wapi sasa hivi? Jibu lake ndo ukweli, hata kama faili lako la mipangilio linasema vyengine. Ya tatu inakwambia majirani gani mashine imewaona kwenye waya, tutaihitaji hapa mbele.

"Network is unreachable"

Ukipiga pingi likaja neno hilo papo hapo bila ya kusubiri, hiyo ni keneli yako inakujibu, pakiti haijatoka hata mlangoni. Hakuna difoti. Bas. Wala usiende kumpigia simu mtu wa laini ukamtukana bure.

Sasa kwa nini haipo? Huku kwetu sababu ya kwanza ni umeme, na hii nataka nikae nayo kidogo. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari toka 2010, kabla ya hapo tulikuwa na majenereta pale Wesha, na waya ni mmoja, yaani sie wenyewe tuna difoti moja tu. Ukikatika na kurudi, vifaa vyote vinawaka pamoja. Kompyuta inawaka haraka, inaomba anwani kwa DHCP, na rauta bado inajikuna, inachukua dakika mbili tatu mpaka kuwa tayari. Kompyuta inaomba, haijibiwi, inachoka. NetworkManager kwa kawaida inasubiri sekunde 45, ikikosa inajaribu tena mara chache halafu inapumzika. Mashine nyengine zinajipa anwani ya 169.254 na ngapi huko, ukiona hiyo ujue ni mashine ilokata tamaa, imejipa jina wenyewe kwa vile hakuna wa kuipa. Anwani hiyo haina getiwei, haina difoti, haiendi popote.

Dawa ya haraka ni kuchomoa waya na kuuchomeka, ndo maana watu wanaamini kuchomoa waya ni uganga. Dawa ya kweli ni kuiambia mashine iwe na subira:

nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.dhcp-timeout 300
nmcli connection modify "Wired connection 1" connection.autoconnect-retries 0

Hiyo sifuri ya mwisho maana yake jaribu milele, usichoke. Jina la muunganisho lako litakuwa tofauti, lipate kwa nmcli connection show. Toka nimeiweka kwenye mashine za duka la fotokopi simu zao zimepungua nusu, wallahi.

Sababu ya pili, mtu kaweka anwani ya mkono akasahau getiwei. Hili linajieleza.

Sababu ya tatu inazungusha watu: getiwei umeiandika lakini haimo ndani ya mtandao wako. Anwani 192.168.10.5/24, getiwei 192.168.1.1. Keneli inakataa, inasema "Nexthop has invalid gateway" au kwenye matoleo ya zamani "RTNETLINK answers: Network is unreachable". Ina haki yake, umeiambia boti iko Mkoani na hujaipa barabara ya kufika Mkoani. Getiwei lazma iwe jirani, ifikike bila ya kupitia kwa getiwei nyengine. Hapa tizama maski pia, ile /24 ya mwisho inayosema ukubwa wa mtandao, nshaona mtu kaandika /32 badala ya /24 na akabaki anailaumu rauta siku mbili. Na ukiweka njia ukaambiwa "File exists" hilo si kosa la getiwei, ni kwamba difoti nyengine ya metriki hiyo hiyo (namba ya kupanga foleni ya njia, ndogo hutangulia) ishakuwepo.

Difoti ipo, lakini "Destination Host Unreachable"

Ukiona hivo tizama nani anaesema. Ikiwa mstari unaanza na From na anwani ni yako wenyewe, maana yake mashine imeita kwenye waya "nani ana 192.168.1.1?" na hakuna aloitika. Chapa ip neigh, utaiona getiwei imeandikwa FAILED au INCOMPLETE. Ikiwa REACHABLE, bas getiwei iko na mnasikilizana, tatizo liko mbele yake; STALE ni kumbukumbu tu kwamba mlisikilizana kabla, ipigie pingi halafu uangalie ip neigh tena. Usitegemee pingi peke yake kwenye kuipima getiwei, rauta nyengine zimefungwa zisijibu pingi na huku zinafanya kazi vizuri kabisa, wewe utasema imekufa kumbe ni bubu tu.

FAILED inatokana na nini? Mara nyingi rauta imebadilishwa. Ile ya zamani ilikuwa 192.168.1.1, ikaletwa modemu ya laini na modemu nyingi za Huawei zinakuja na 192.168.8.1, na mashine zilokuwa na anwani ya mkono hazijui kitu, zinaendelea kumwita marehemu. Au rauta imebonyezwa kile kitundu cha nyuma ikarudi kiwandani. Au waya umeliwa na panya (usicheke, dari za kizamani hizi). Ukiona neno linkdown kwenye mstari wa difoti basi ni waya au swichi, huna haja ya kwenda mbali.

"Mjomba, nikichomoa waya wa printa intaneti inarudi"

Hii ndo tamu kuliko zote na ndo inayonipa kazi nyingi kuliko zote.

Kijana wa duka alinipigia kwa maneno hayo hayo. Kompyuta yao ya Linux inapata intaneti kwa waifai ya modemu ya laini, na kuna printa kubwa ya mtandao imeungwa kwenye karauta kadogo kazamani ambako hakana intaneti, kapo kugawa anwani tu. Akichomeka waya wa printa, anachapisha lakini intaneti inakwenda zake. Akiuchomoa, intaneti inarudi, printa inakwenda zake. Akawa anachomoa na kuchomeka siku nzima mpaka kile kidole cha plastiki cha mwisho wa waya kikavunjika.

Nikamwambia chapa ip route, unisomee:

default via 192.168.0.1 dev eth0 proto dhcp metric 100
default via 192.168.8.1 dev wlan0 proto dhcp metric 600

Difoti mbili. Mkoani na Wete, zote zinasema "boti iko hapa". Keneli inatizama metriki na inachukua ndogo, na NetworkManager inaupa waya 100, waifai 600, modemu ya laini ilochomekwa yenyewe 700, kwa dhana kwamba waya ni bora siku zote. Kwa hivo pakiti zote zinapelekwa kwenye karauta ka printa, na kenyewe hakana pa kuzipeleka.

Na hapa ndo pana kitu watu hawakijui, au wanakijua wanakisahau: Linux haihami difoti kwa sababu getiwei haina intaneti. Waya uko juu, kadi iko juu, njia ipo, bas inatumika, hata kama upande wa pili hakuna kitu. Ile difoti ya pili haiangaliwi maadamu ya kwanza ipo. Watu wanaweka laini mbili wanasema nina akiba, kumbe akiba haitoki mpaka mtu aende akachomoe waya. NetworkManager ikiwa ukaguzi wake wa intaneti umewashwa inajaribu kusaidia, ikiona kadi haina mtandao wa nje inaiongeza metriki 20000, utaona 20100 badala ya 100, na ukiiona namba hiyo furahi, ishakwambia yenyewe nani mgonjwa. Lakini si kila mfumo umeiwasha.

Dawa si kufuta ile difoti ya waya kwa ip route del. Ukifanya hivo inakaa mpaka mashine iombe tena anwani au iwashwe upya, halafu inarudi, kwa sababu mwandishi ni DHCP na hujamwambia kitu. Dawa ni kuuambia muunganisho wa printa kwamba weye si njia ya kutokea:

nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.never-default yes
nmcli connection up "Wired connection 1"

Printa inafikika kwa ile njia yake nyembamba ya 192.168.0.0/24, kila kilobaki kinapita waifai. Ikiwa laini zote mbili zina intaneti kweli na unataka moja itangulie, usiizuie, badilisha metriki kwa ipv4.route-metric, unayotaka itangulie ndo uipe namba ndogo.

Na kuna shetani wa pili humu humu. Rauta mbili tofauti, zote mbili zimetoka kiwandani na 192.168.1.1. Waya unakwenda kwenye hii, waifai inakwenda kwenye ile. Jedwali linaonesha getiwei moja mara mbili, na mtandao mmoja mara mbili, na weye unaapa kwamba difoti yako iko sawa. Haiko sawa, hao ni watu wawili wenye jina moja. Ingia kwenye rauta moja uipe 192.168.20.1 au chochote, ugomvi umekwisha. Usijaribu kulitatua hilo kwa metriki, utazeeka.

Inakwenda, inakatika, inakwenda

Ikiwa baadhi ya mashine zinapata na nyengine hazipati, na kesho wanabadilishana, hapo sitizami tena mashine. Kuna mwandishi wa pili kwenye waya.

Skuli moja nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu nikamuuliza, "Mwalimu, wiki hii hamjachomeka kitu kipya?" Akasema hakuna kabisa. Nikakaa. Baadae akakumbuka, "Isipokuwa ile rauta alotupa mfadhili, tumeichomeka kule maktaba wapate waifai." Wameichomeka waya wa skuli kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani) badala ya WAN (la kutokea nje), kwa hivo ikawa inagawa anwani kwa skuli nzima na kumwambia kila anaeomba kwamba getiwei ni yeye. Anaewahi kujibu ndo anaesikilizwa, kwa hivo ni bahati nasibu.

Kumkamata:

tcpdump -eni eth0 port 67 or port 68

Iache inakwenda, na kwenye mashine hiyo hiyo, dirisha jengine, iombe anwani upya kwa nmcli connection up na jina la muunganisho, utaona nani anajibu (kwenye mashine nyengine huenda usiyaone majibu, swichi mara nyingi inayapeleka kwa alouliza tu). Wakijibu wawili ushampata. Ile -e inakuonesha anwani ya kadi, namba zake za mwanzo zinamtaja alotengeneza, kwa hivo unajua kabisa unatafuta rauta ya aina gani kwenye jengo, halafu unatembea ukitizama juu ya makabati.

Difoti safi, moja, sahihi, na bado haipiti kitu

Umetumia VPN? Hapa ndo pa kukumbuka ile njia nyembamba hutangulia. OpenVPN kwa kawaida haifuti difoti yako, inaweka njia mbili, 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1, kila moja nusu ya dunia. Zote mbili ni nyembamba kuliko difoti, kwa hivo difoti yako imekaa pale kama sultani alopinduliwa, jina analo, amri hana. Programu ya VPN ikiganda na upande wa pili hakuna mtu, kila kitu kinaingia shimoni na jedwali ukilitizama haraka unaona default iko sawa. ip route get inakwambia dev tun0, yaani kadi ya VPN, na kesi imekwisha, zima VPN.

WireGuard ukiiwasha kwa wg-quick na AllowedIPs ya 0.0.0.0/0 inajificha zaidi, inaandika kwenye jedwali jengine, la 51820, na jedwali la kawaida haligusi kabisa. Chapa ip rule uone amri zilizowekwa, halafu ip route show table 51820. Mie kila nikikuta jibu la ip route get halifanani na ip route nnakwenda moja kwa moja kwenye ip rule.

Mwengine wa kundi hili ni Docker, ile ya kuendeshea programu ndani ya makontena. Inajichukulia 172.17.0.0/16, na ikiwa ofisi unayotaka kuifikia nayo inatumia anwani hizo, hutaifika, na kila kitu chengine kitafunguka. Hiyo si difoti, ni njia nyembamba ya Docker imekula, badilisha anwani zake kwenye /etc/docker/daemon.json.

Na tovuti baadhi zikifunguka kwa kusuasua, nyengine mara moja, jaribu curl -4 na curl -6 kwenye tovuti moja. Ikiwa ya nne inakwenda na ya sita inakwama, tizama ip -6 route, kuna rauta inatangaza difoti ya IPv6 na haina IPv6 ya kutoka nayo.

Ikirudi vibaya kila ukiwasha

Hapo ni faili. Ubuntu za sasa ni /etc/netplan, na ikiwa umenakili mfano wa zamani wenye gateway4 ujue umepitwa, sasa ni hivi:

routes:
  - to: default
    via: 192.168.1.1

Na tumia netplan try badala ya apply, inakupa sekunde 120, usipothibitisha inarudisha ya zamani yenyewe. Debian ya kizamani ni /etc/network/interfaces, na mstari wa gateway uwe kwenye kadi moja tu, watu wanaandika kwenye kila kadi wakidhani kila kadi lazma iwe na wake. Red Hat za zamani tizama GATEWAY kwenye /etc/sysconfig/network, inasahaulika humo miaka na inakuja kukugombanisha na faili la kadi. FreeBSD ni defaultrouter kwenye /etc/rc.conf, halafu service routing restart. OpenBSD ni /etc/mygate. Solaris ni /etc/defaultrouter, au route -p add default ili ibaki. Kwenye hizo BSD, na Mac pia, ip route hamna, tumia netstat -rn na route -n get default, hii ya pili ndo ndugu wa ip route get.

Ikiwa mashine iko mbali nawe

Hili naliandika kwa uchungu. Nilikuwa Unguja harusini, seva iko Wete, nimeingia kwa ssh, yaani kwa mbali kupitia mtandao, nataka kubadilisha getiwei. Nikachapa ip route del default, nikiwa na nia ya kuchapa add baada yake. Baada yake ipi tena? Nshakata tawi nlokalia. Kishale kikasimama pale, na mie nikasimama nacho, watu wanaimba taarab ndani. Ilibidi nimpigie mlinzi azime swichi ya ukutani na kuiwasha, na bahati faili lilikuwa bado la zamani ikarudi.

Kwa hivo ukiwa mbali usifute, badilisha kwa mpigo mmoja:

ip route replace default via 192.168.1.254 dev eth0 metric 100

Na hiyo metriki iandike kama ilivyo kwenye mstari wa zamani. Ukiiacha, keneli haitabadilisha kitu, itaongeza difoti mpya ya metriki sifuri juu ya ile ya zamani, ukawa na mbili tena. Na kabla ya kubonyeza, tega mtego wa kujiokoa, kitu kama nohup sh -c 'sleep 180; reboot' & na ukiona bado umo ndani, uue kwa kill na namba ilokupa. Dakika tatu za kungoja ni kheri kuliko boti ya asubuhi.

Ukikwama na ukataka kuniuliza, niletee majibu ya ip route, ip route get 1.1.1.1, ip rule na ip neigh, kwa maandishi. Si picha ya skrini ilopigwa upande na mwanga wa dirisha juu yake, maana kuna mmoja aliniletea hivo nikaisoma 7 kuwa 1, nikatumia saa nzima kuitafuta getiwei isokuwepo.